Shule Niliyoijenga Kitandani

Jumatatu, 8 Oktoba 1984
Ushindi! Profesa Placide amenirudishia sura ya pili ya mémoire yangu, tasnifu ya shahada, mbele ya darasa zima la licence. Amesema kwa miaka mingi hajasoma maelezo mazuri namna hii juu ya uongozi wa shule ya watoto wadogo. Nilitazama upande wa Venant. Mémoire yake imepigwa taipu, ina jalada la plastiki, na haijasifiwa hata mara moja. Alikuwa anameza mate. Siku tamu!

Halafu nikasoma wino mwekundu pembeni. Profesa ameandika kwamba bembea ya shule hii imemgusa sana moyo. Anataka kuiona. Atakuja Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi.

Tatizo dogo. Shule haipo.

Nilitakiwa kwenda kuchunguza maternelle ya kweli, shule ya watoto wadogo kule Nguba. Lakini kutoka mtaa wetu wa Kadutu, mlimani, hadi Nguba ni kushuka, na kurudi ni kupanda, na mvua ilikuwa inanyesha. Basi nikalala kitandani alasiri tatu nikaijenga Shule ya Vipepeo, hapahapa Kadutu: watoto ishirini na wawili, mkurugenzi mmoja hodari jina lake Citoyenne Adélaïde, vyoo vitatu, bembea. Bembea ilikuja yenyewe. Nilikuwa na furaha siku ile.

Venant ameniuliza shule iko avenue gani, maana yeye pia anakaa Kadutu na hajawahi kuiona. Nimemjibu kwamba ni shule isiyopenda makelele.

Jumanne, 9 Oktoba
Nimepata dawa. Nimemwendea Profesa nikamwambia kwa uso wa huzuni kwamba Vipepeo imefungwa kwa sababu ya surua. Watoto wote ishirini na wawili, madoa mwili mzima.

Profesa alishtuka. Alivaa kofia palepale. Alisema anamfahamu muuguzi mzuri, watakuja pamoja mchana huu huu, na sindano.

Nililazimika kumkimbilia hadi kwenye ngazi. Nikamwambia nilikosea kusema: walikuwa na surua mwaka jana. Sasa ni wazima kabisa, wanaruka. Sidhani kama kuna ugonjwa uliopona haraka namna hii katika Zaïre yote.

Jumatatu inabaki palepale.

Jumatano, 10 Oktoba
Nimemwambia mke wangu Apolline ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akaniambia kwamba nikifukuzwa kwenye licence, nitarudi kufundisha hesabu darasa la sita, na yeye hatakuwa mke wa mkurugenzi wa kitu chochote. Hapo hakuwa anacheka tena. Ameningoja miaka miwili, huku anauza mikate asubuhi ili mimi nisome. Nilijisikia vibaya kwa muda wa dakika kumi hivi.

Kisha akasema niende kwa Maman Georgette.

Maman Georgette ni jirani yetu, mshonaji. Anashona barazani, na miguuni pake kuna watoto wa avenue nzima siku zote. Anawapa vipande vya kitambaa wapange kwa rangi. Leo nilihesabu kumi na mmoja, mmoja amelala juu ya kanyagio la cherehani. Nikamweleza kwamba nahitaji watoto kwa ajili ya sayansi.

“Batoto ngapi, Papa Modeste?”

Nikasema ishirini na wawili, kwa asubuhi moja.

Alitoa pini mdomoni. Akasema watoto wapo, hata nikitaka hamsini, lakini hawezi kuwaweka mvuani kwa ajili ya sayansi. Nyuma ya nyumba yake kuna banda la mbuzi. Nilisafishe, niweke mlango. Nikakubali. Nikamwomba pia, kwa upole, ajiite Adélaïde siku hiyo.

“Mie niko Georgette,” akasema. “Tangu batismo.”

Tutalirudia jambo hilo.

Alhamisi, 11 Oktoba
Bembea. Nimepata tairi kuukuu la lori, na kamba. Kamba ni ile ya Apolline ya kuanikia nguo. Nitamweleza.

Nikaifunga kwenye boriti ya banda. Kiongozi wa kweli hujaribu kitu mwenyewe kabla ya kuwapa watoto. Nikakaa. Nikasukuma mguu mara moja, mara mbili. Boriti ikasema kra! Mbuzi walikuwa wamehama asubuhi, lakini mali yao walikuwa bado hawajaihamisha. Nikaangukia humo, kifudifudi, na abacost, suti yangu ya pekee.

Watoto kumi na mmoja mlangoni walipiga makofi. Mdogo kuliko wote, Martine wa miaka minne, akaniomba nirudie.

Apolline ameniambia nilale karibu na dirisha.

Jumamosi, 13 Oktoba
Salongo! Sijawahi kuipenda kazi hii ya lazima ya mtaa, leo nimeibariki. Mkubwa wa avenue alikuwa anawagawia watu mitaro ya kuzibua. Nikasimama juu ya jiwe nikatangaza kwamba avenue yetu inapata maternelle, na profesa anakuja Jumatatu. Nilitegemea watu watano. Walikuja wote! Wanaume wakabadilisha boriti, wanawake wakakoropa sakafu mara tatu, kuna mzee aliyeleta mlango wa choo chake, akasema yeye atatumia pazia. Kufikia saa sita bembea ilikuwa inaning'inia imara, na mimi nilikuwa na sauti ya mtu aliyetoa amri nyingi.

Venant naye alikuja, na koleo. Aliuliza shule ilianzishwa lini. Nikamwambia zamani kidogo. Akaniuliza mbona inanuka mbuzi. Nikamwambia ni somo la wanyama.

Nikachora kipepeo mlangoni kwa chokaa na makaa. Watu wote wanasema ni popo.

Jumatatu, 15 Oktoba
Nitaandika yote.

Saa mbili walikuwa watoto ishirini na wawili. Saa mbili na nusu, thelathini. Saa tatu, arobaini na saba! Akina mama walikuwa wamesikia tangazo langu la Jumamosi na kuliamini. Waliwaleta watoto wamepakwa mafuta, na vikombe mkononi, na wakaondoka kwenda sokoni kabla sijafungua mdomo.

Profesa akafika na mwavuli. Nyuma yake, Venant, bila kualikwa.

Profesa hakuniuliza lolote. Alikaa chini, sakafuni, pamoja na suruali yake safi, akamuuliza Martine anasoma hapa tangu lini. Nilikuwa nimewafundisha watoto wote: miaka miwili. Tulikuwa tumeimba jibu hilo mara kumi.

“Leo,” Martine akasema. Akafikiri. “Na kesho tena.”

Kisha akamshika Profesa mkono akamwonyesha mahali nilipoangukia.

Profesa akaomba kumwona Citoyenne Adélaïde. Maman Georgette akauliza Adélaïde ni nani. Venant alitazama dari kwa raha isiyo na kifani.

Nilikuwa nimeshaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni wakati mvua ilipoanguka juu ya mabati, yote kwa pamoja, kama mawe. Watoto arobaini na saba wakapiga kelele. Wengine wakalia, mmoja akanishika mguu. Basi Maman Georgette akapiga sakafu kwa viganja viwili. Pa-pa-pa. Akanyamaza, akasikiliza mvua. Akapiga tena. Watoto wakamwiga, mmoja, wawili, kumi, wote! Mvua inapiga, wao wanajibu. Mvua ikiongeza, wao wanaongeza. Machozi yakageuka kicheko. Profesa alivua viatu akapiga sakafu navyo. Venant, na jalada lake la plastiki, akawa anapiga jalada!

Mimi nilitaka kukimbia wakati huo. Lakini yule aliyenishika mguu alikuwa amepanda mpaka kifuani na kulala. Huwezi kukimbia na mtoto wa watu aliyelala. Nilisimama hivyo, nikimsikia anapumua shingoni mwangu, na nakiri kwamba kwa muda nilisahau mémoire kabisa.

Mvua ilipokwisha, Profesa alivaa viatu polepole. Nikangoja hukumu.

“Citoyen Bulonza,” akaniambia, “shule iko. Ile haiko ni mémoire yako.”

Akaichana sura ya pili vipande vinne. Vipande akampa Martine avipange. Kisha akatoa amri: nitakuja hapa kila asubuhi mpaka Noeli, chini ya Maman Georgette, na nitaandika anachofanya. Nikikosa siku moja, baraza la walimu litasikia habari za surua.

Akamuuliza Maman Georgette amesomea wapi uongozi. Yeye akamwomba asogee, amekalia kitambaa.

Ijumaa, 19 Oktoba
Pua nilizofuta leo: nyingi. Maman Georgette ameniambia ninafuta vizuri lakini ninaongea sana. Akina mama wa avenue wamemletea mikeka sita. Apolline amepita na mikate iliyobaki, akakaa kutazama saa nzima, akaondoka anatabasamu. Yule aliyenilalia anaitwa Camille. Kila asubuhi hunipanda bila kuomba ruhusa. Ninaimba! Mimi!

Venant amemwomba Profesa naye ahamishie mémoire yake hapa. Amekataliwa. Nilikula vizuri mchana.

Ijumaa, 26 Oktoba
Profesa amesoma sura mpya. Amesema ni fupi, ina madoa ya uji, na ni ya kweli. Karibu nilie. Kwa sura inayofuata anataka maoni ya wazazi arobaini: niende nyumba kwa nyumba, kila mzazi ajibu maswali kumi na mawili, kwa maandishi.

Nimeahidi kwa moyo wote. Mimi ni mtu mpya.

Lakini nimetazama mlima wa Kadutu kutoka dirishani. Nyumba arobaini, huko juu, na mawingu yale. Wakati huohuo nina kalamu ya bluu, nina kalamu nyeusi, na nina mkono wa kushoto ambao haujafanya kazi yoyote tangu nizaliwe.

Nimeanza kumjibia mzazi wa kwanza, hapahapa kitandani. Anaridhika sana na bustani ya maua.