Gauni la Mkono Mmoja

Jumatatu asubuhi Idara ya Mandhari iliutangazia umma, kwa vipaza sauti na kwa furaha kubwa, kwamba jiji sasa lina vivutio kumi bora vya kutembelewa, na kwamba mwananchi atakayeonekana akivutiwa na kitu cha kumi na moja atakuwa amevutiwa kinyume cha utaratibu.

Cha kwanza kilikuwa mnara wa taa, ambao taa yake iliungua zamani na kwa hiyo unaweza kutazamwa bila kuumiza macho. Cha nne kilikuwa daraja la ghuba, lililofika katikati ya maji na kusimama hapo kama mtu aliyesahau alichofuata. Bahari yenyewe haikuingia. Kamati iliijadili kwa haki, ikaona haitulii: asubuhi imejaa, mchana imerudi nyuma na kuacha tope bila kumuaga mtu. Idara haiwezi kumwahidi mgeni kitu kisicho na msimamo.

Cha tisa kilikuwa kibaraza cha Mama Fundi.

Mama Fundi alikuwa mshonaji katika mtaa unaopanda kutoka bandarini. Mgeni mmoja alimpiga picha akiwa ameinamia cherehani, paka kalala juu ya vipande vya vitambaa, na pembeni sanamu ya mbao imevaa gauni jeupe la harusi lenye mkono mmoja. Picha ilizunguka dunia, ikarudi hadi mezani kwa Mkurugenzi wa Idara. Mkurugenzi akaipenda. Akazungusha kamba ya kijani kibarazani, akaweka kanuni, na juu ya kanuni akaweka msimamizi.

Msimamizi huyo ndiye Filimbi. Jina lake la kuzaliwa lilisahaulika siku alipopewa sare na filimbi, maana alivipenda vyote viwili na hakuvipumzisha. Kanuni aliijua kwa moyo: kivutio kibaki kama kilivyo pichani, kisihamishwe, kisirekebishwe, kisikamilishwe. Kila asubuhi alimtafuta paka alikolala, akamrudisha juu ya vipande vyake, kichwa kikielekea mlangoni. Uzi wote aliukusanya, akautia mfukoni, akafunga kifungo. Mama Fundi hakukatazwa kushona. Aliombwa ashone, kwa kuwa wageni walipenda mlio wa cherehani. Ila ashone bila uzi. Sindano ikapanda, ikashuka, kitambaa kikapita chini yake, na hakuna kilichoshikana na kingine. Wageni wakapiga makofi.

Palikuwa na tatizo dogo la kiutawala. Gauni lile lilikuwa la mchumba wa Filimbi, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Mchumba alikata tiketi kwenye kivuko, kazi inayomfundisha mtu kusema kwa sauti. Mama Fundi alikuwa shangazi yake. Jumatano alipanda mtaa, akasimama nje ya kamba, mikono kiunoni.

"Filimbi, Jumamosi niingie harusini na mkono mmoja?"

"Kanuni haikuzuii kuingia," Filimbi alisema.

"Basi na mimi nitaolewa nusu. Nusu ije kwako, nusu ibaki kwa shangazi."

"Mpenzi, usiiguse kamba."

"Kamba yako nitakufunga nayo!"

"Unaweza kuazima gauni," Filimbi akasema kwa upole, na papo hapo akatamani ulimi wake ungekuwa na kifungo kama mfuko wake.

Mchumba hakupiga kelele tena, na hilo ndilo lililomtisha. "Kitambaa hicho mama alikichagua akiwa kitandani hospitalini. Macho yalishachoka, akakipapasa kwa vidole. Akasema, hiki. Leo niazime?"

Mama Fundi alikuwa akikanyaga cherehani tupu kwa ajili ya mzee mmoja mwenye kofia pana. Hakuinua uso. "Mkwe," alisema, "mkono wenyewe nimeshaukata. Umo humu kwenye kikapu. Nipe uzi, ugeuke utazame meli. Hutaona kitu."

"Mama, nimeajiriwa kuona."

"Basi chagua," mchumba akasema. "Kamba au mimi."

Angeweza kuchagua kama kuchagua kungefaa. Wajomba wa mchumba walishatamka kwamba hawamwozi binti yao mtu asiye na kazi, na Filimbi aliwahi kukaa bila kazi mpaka mbwa wa mtaani wakaacha kumbwekea. Bila kazi hakuna harusi. Kwa kazi hii hakuna gauni. Akawa kama mtu aliyefungiwa nje na ndani kwa kufuli moja.

Alikwenda makao makuu kuuliza. Akaelezwa, baada ya kusubiri kwa adabu, kwamba kivutio kinaweza kukamilishwa pale tu Mkurugenzi atakapoamuru kwa kinywa chake, mbele ya kivutio chenyewe. Filimbi akashukuru. Mkurugenzi alikuwa anakuja Ijumaa kuzindua.

Ijumaa hiyo barabara ilifungwa juu hadi chini kwa amri ya Mkurugenzi, gari lolote lisipite mpaka uzinduzi uishe. Gari lake mwenyewe lilimshusha, likafukuzwa hadi ng'ambo ya kizuizi pamoja na dereva wake. Chini bandarini meli ya watalii ilishatia nanga, na wageni walikuwa wameanza kupanda mtaa kwa miguu.

Filimbi akasogea, akakakamaa kama mti. "Mheshimiwa, nina ombi dogo. Mkono mmoja."

"Wa nani?"

"Wa gauni, mheshimiwa. Lile. Ni la harusi yangu, na harusi ni kesho."

Mkurugenzi akamwekea mkono begani, na Filimbi akajisikia ameinuliwa cheo.

"Hongera sana, kijana. Sasa nisikilize. Leo tukikamilisha gauni, kesho mtu ataomba tukamilishe daraja. Keshokutwa barabara, kisha hospitali. Jiji lote litaisha, tubaki hatuna cha kuonyesha."

Filimbi alikiri moyoni kwamba hajawahi kusikia hoja nzito kama hiyo. Machozi yalimlengalenga, na hakujua ni kwa sababu gani kati ya mbili.

Mkurugenzi akachukua mkasi wa kukatia utepe. Utepe ulikuwa umefungwa chini, usawa wa magoti, usije ukaziba mandhari. Akainama. Suruali yake ikatatuka kuanzia kiunoni hadi mahali pasipotajwa kwenye hotuba, na maafisa waliosimama nyuma yake wote wakageukia bahari kwa heshima.

Mheshimiwa alikuwa mwepesi kuliko umbo lake. Kufumba na kufumbua alishaingia nyuma ya pazia ambako wateja hujaribia nguo. Mkono ukatokeza na suruali.

"Mama, piga mshono mara moja. Wageni hao wanakuja!"

Mama Fundi akaitandika suruali, akakanyaga. Sindano ikapanda, ikashuka. Akairudisha. Nyuma ya pazia pakasikika kuvaa, kisha: "Mbona iko wazi vilevile?"

"Nimeishona, mheshimiwa. Bila uzi. Ndivyo tunavyoshona siku hizi."

"Nani mpumbavu aliyeamuru hivyo?"

Maafisa wakazidi kuipenda bahari. Filimbi peke yake alijibu, kwa sababu aliona ni sifa.

"Ni wewe, mheshimiwa. Kisikamilishwe. Uzi ninao mimi, uko salama."

"Utoe! Suruali ikamilishwe!" Mkono ukatokeza tena, ukaitupa suruali mezani.

Filimbi akaushika mfuko wake. Hakuwa na ujanja wowote. Alikuwa na kanuni tu, na kanuni aliijua neno kwa neno. "Mheshimiwa, kanuni haiijui suruali. Inajua kazi zilizomo ndani ya kamba. Ama zinakamilishwa, ama hazikamilishwi. Nikibagua nitafukuzwa."

Sauti za wageni zilisikika zikipanda. Mtu alikuwa anacheka kwa lugha ya kwao.

"Zote basi!" Mkurugenzi akanguruma. "Naamuru kazi zote zikamilishwe! Mmesikia wote?"

Wote walikuwa wamesikia. Filimbi akafungua kifungo cha mfuko, akampa Mama Fundi uzi mweupe. Mama Fundi akautunga kwenye sindano, akalivua gauni kwenye sanamu, akautoa mkono wa pili kikapuni.

Kutoka penye ufa wa pazia jicho lilikuwa likitazama. "Mama! Suruali kwanza!"

"Kwa fundi ni zamu, baba," Mama Fundi alisema. "Gauni lilitangulia. Nawe ungekuwa umetangulia, ungependa upitwe?"

Muuza duka wa jirani alishateremka mbio kivukoni kumwita mchumba. Wageni walifika, wakajipanga nje ya kamba. Walitazama cherehani, kisha kwa umoja wakatazama chini ya pazia, zilikokuwa zimesimama soksi mbili za rangi tofauti. Cherehani ililia kwa kweli sasa. Mkono ukashika bega. Mchumba akafika akihema, kitita cha tiketi bado mkononi, akaliona gauni, akaziba mdomo.

"Kalijaribu, mwanangu," Mama Fundi akasema. "Nisije nikapiga pindo kwa kukisia."

Filimbi akalisogelea pazia, akapiga saluti.

"Mheshimiwa, tunaomba nafasi. Bibi harusi anataka kujaribu gauni, na chumba cha kujaribia ni hichohicho ulichomo."

"Nitoke niende wapi?"

"Ndani ya kamba popote, mheshimiwa. Upande wa wageni kuna mwanga mzuri."

Mkurugenzi wa Idara ya Mandhari akatoka akiwa na koti, tai na bukta. Kamera zikalia. Wageni walikubaliana kwamba katika yote waliyoonyeshwa tangu asubuhi, mnara na daraja vikiwemo, hiki ndicho kilichostahili safari. Filimbi akawaomba wasimguse.

Nyuma ya pazia mchumba alikuwa akigeuka huku na huku.

"Shangazi, mkono umekaa! Ila kwapani unanibana kidogo."

Mama Fundi akaangalia suruali iliyolala juu ya meza, akamwangalia mwenye nayo, akauchukua mkasi bila haraka.

"Vua, mwanangu. Tuufumue, tuanze upya."