Injinia na Balbu Zilizokufa Kimya

Balbu moja ya kubana matumizi ilianguka mgahawani, ikapasuka, na wateja wote wakakimbilia nje. Mtu mmoja alikuwa amepiga kelele, "Zebaki!" na wengine, ambao hawakuwa na hakika kama zebaki ni sumu au ni mnyama, waliona heri wamuulize wakiwa barabarani. Ndani alibaki kijana mmoja tu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Alimaliza chai yake, akamalizia na ya jirani, kisha akaviangalia vile vipande vya balbu pale sakafuni kwa mapenzi makubwa.

Kijana huyo alijiita Injinia. Chuo alichosomea hakijajengwa bado, na waya wa umeme hakuwahi kuugusa kwa nia njema. Lakini mdomo alikuwa nao, na mdomo, kama tujuavyo, hauombwi cheti.

Siku hizo alikuwa na shida ya kweli. Mchumba wake alikuwa msusi, na ndiye mwanamke pekee mjini ambaye Injinia hakuwahi kufikiria kumwuzia kitu. Jumamosi msusi alikuwa anafungua saluni. Injinia, kwa kuwa alishajisifu kuwa yeye ni mtu wa umeme, akaahidi kuleta taa zote, tena zile zilizojisokota, za kubana matumizi.

"Ukizileta," msusi alimwambia kwa upole, "nitawaambia wazee posa nimeikubali. Usipozileta, nitajua na hayo mengine uliyoniambia yakoje."

Injinia alimpenda sana, na maneno hayo yalimnyima raha kuliko filimbi ya polisi. Ndipo zebaki ikaja kumwokoa.

Alikwenda kwa muuza duka mmoja aliyekuwa na maboksi ya balbu za zamani, zile zenye waya ndani, zilizojaa vumbi tu, akazipata kwa bei ya kutupa. Akaazima ngazi, akaingia mitaani. Kila mlango hotuba ilikuwa moja: taa yako ina sumu, mimi naiondoa bure na kukuwekea iliyo salama. Watu walimshukuru, wengine wakampa na soda. Zile za kubana matumizi alizivusha barabara hadi mtaa wa pili, na huko zebaki hakuijua kabisa. Huko zilikuwa taa za ajabu, rafiki wa bili, adui wa giza, na watu walizinunua wakigombania.

Kwa hiyo biashara ilikwenda vizuri mno. Kila jioni alijiambia kwamba za kesho ndizo za saluni, na kila kesho tamaa ikazivusha barabara. Ijumaa ilimkuta hana hata moja.

Ijumaa hiyo alibisha hodi kwenye nyumba ndefu ya vyumba vya kupangisha. Mama mwenye nyumba alikuwa ukumbini, kikapu cha vifaranga mapajani.

"Shikamoo, mama. Natoka kitengo cha usalama wa mwanga."

"Marahaba. Mwanga umefanya nini?"

"Unaua polepole, mama."

"Kama ni polepole, basi kaa kwanza unywe maji."

Injinia akakaa, akafungua mdomo, na kazi ikaanza. Mpangaji mmoja alipita, akamkabidhi mama balbu, akapokea nyingine, akaenda zake. Injinia aliona, ila alikuwa katikati ya sentensi nzuri na hakutaka kuikatisha.

"Lakini bili yangu imeshuka tangu nizifunge hizi," mama alisema. "Na ukizigusa haziunguzi."

"Mama, kubana umeme ni kubana macho! Unawasha taa, unasimama unangoja iamke. Ikiamka, mwanga wake mweupe, kila mtu anaonekana kama katoka kulazwa. Na ikipasuka…"

"Zebaki," mama akamalizia.

"Umesoma, mama!"

"Nasikiliza redio. Sasa hizo zako za waya, bado zina joto kama zamani?"

"Joto? Unaweza kukausha nguo."

Mama akawaangalia vifaranga wake, akawafunika kwa upindo wa khanga. Injinia akaona ni wakati wa kukaza kamba.

"Uamue upesi, mama yangu, nina mambo mengi. Kesho nafungua saluni ya mchumba wangu, ile inayopakana na mashine ya kusaga. Taa zote zinatoka kwangu."

Mkono wa mama ulisimama juu ya kifaranga. "Msusi yule ni mchumba wako?"

"Bado posa tu. Na kesho inajibiwa."

"Hongera, mwanangu," mama akasema, na tabasamu lake likawa tamu ghafla. "Basi zilizo vyumbani tuziache, wapangaji wako kazini na milango imefungwa. Lakini stoo ninazo nyingi. Nazitoa zote, ila kila moja yangu kwa mbili zako. Baada ya hapo sitakuwa na sumu nyingine ya kukupa."

Kama kuna ibada ambayo Injinia aliifuata bila kukosa, ni ya kukagua mali. Balbu ya waya ikifa, ukiitikisa inalia ndani, chaka chaka, na hapo umeijua. Akazitikisa za mama zote, moja moja, sikioni. Hakuna iliyolia. Akamwachia mama maboksi yake yote ya balbu za waya, akaondoka na katoni begani, akiimba.

Saluni ilikuwa na chumba cha ndani kisicho na dirisha, na Jumamosi mchana kilikuwa kimejaa wanawake waliokaa gizani wakipiga soga. Injinia aliingia kwa kelele za ushindi. Msusi akamshikia ngazi, naye akapanda, akafunga balbu ya kwanza.

"Washa!"

Swichi ikalia. Giza.

"Hiyo ilikuwa ya majaribio," Injinia akasema. Akafunga ya pili, kisha nyingine, kisha nyingine. Akaitikisa moja sikioni. Nzima kabisa! Akairudisha. Giza.

"Umeme umekatika," akatangaza.

"Redio inaimba," msusi akasema.

Ndipo sauti ikasikika mlangoni, sauti aliyoijua.

"Usijisumbue kuzitikisa, mwanangu. Hizo hufa kimya."

"Shangazi! Karibu!" msusi akaitika kwa furaha, na Injinia nusura aanguke.

"Asante, mwanangu. Nipe ngazi niishike mimi, wewe nenda kwenye swichi." Shangazi akaikamata ngazi kwa mikono miwili. "Kwangu mpangaji hapewi balbu mpya mpaka anikabidhi maiti ya ile iliyokufa, ili watoto wasije wakazichezea jalalani. Zimenijazia stoo, sijui pa kuzipeleka. Bwana huyu kaja kuzizoa zote. Na zile za waya, vifaranga wangu wamelala kwenye joto usiku kucha. Nilizitafuta madukani mpaka miguu ikauma!"

Kisha akafungua fundo la khanga, akampa Injinia balbu moja. "Hii nimeitoa chumbani kwangu. Funga."

Injinia akafunga. Swichi ikalia.

Lazima tumtendee haki: aliwaambia watu kwamba taa hizi huchelewa kuamka, na katika hotuba yake yote hilo lilikuwa kweli. Ilianza kwa haya, rangi ya uji. Ikamwonyesha vidole vyake. Ikamwonyesha shangazi, ambaye mikono yake haikulegea kwenye ngazi. Kisha ikaamka sawasawa, ikamwonyesha mabenchi mawili ya wanawake wenye mataulo kichwani, wote wamemwinulia nyuso.

"Huyu si ndiye aliyeniondolea taa zangu?" mmoja akauliza.

"Na si ndiye aliyeniuzia mimi?" akauliza wa pili.

Wakatazamana, halafu wakamtazama yeye. Kumbe mjanja aliyepita mitaa yote hakuwahi kujiuliza wanawake wa mitaa yote husukwa wapi.

Injinia angeweza kuruka, mlango ulikuwa wazi. Lakini msusi alikuwa amesimama pale kwenye swichi akimwangalia, naye akabaki pale pale juu ya ngazi.

"Nilitaka saluni yako iwake," akasema.

"Imewaka," msusi akajibu. "Ndiyo maana nimekuona. Hiyo ngazi ni yako?"

"Nimeazima."

"Basi usiirudishe bado. Unaanza na mama huyo wa kwanza, umrudishie taa zake, nzima, kwa pesa zako. Kisha unaenda mlango kwa mlango, na shangazi atanipa habari za kila mlango."

"Na posa?"

Wanawake wakacheka mpaka mataulo yakawaanguka. Msusi hakucheka, ila hakusema hapana.

Ngazi ile haijapumzika tangu siku hiyo. Vifaranga wa shangazi wamekua, wengine ni majogoo wanaowika, na Injinia akipita na katoni yake begani huwasalimia kwa heshima. Taa za kurudisha zimebaki chache. Posa bado haijajibiwa.