Jiwe la Mwisho wa Maji

Ofisi ya Kumbukumbu za Maafa ilitangaza kwa fahari kwamba Durban haitakuwa tena nyuma ya Japani katika suala la huzuni.

Mkurugenzi wake, Imraan, alikuwa amerejea kutoka mji mmoja wa pwani wa huko, uliojengwa upya baada ya tsunami. Alizuru kumbukumbu zote, akainama kila wenyeji walipoinama. Kilichomgusa, kitaalamu, ni jiwe lililosimikwa mlimani pale maji yalipokomea. Chini ya jiwe hapajengwi. Juu yake watu wanaishi. Imraan aliona hapo mfumo uliokamilika.

Basi waathiriwa wa mafuriko waliokuwa wakilala ukumbini South Beach wakapewa habari njema: viwanja vya mlimani vitagawiwa jiwe likishasimama, kwani bila jiwe nani ajuaye usalama unaanzia wapi?

"Papa Directeur," alisema Marie-Claire, msusi kutoka Kongo na mwenyekiti wa ukumbi, "maji ilifika pale kwa robot. Mimi nilikuwa ndani yake. Weka jiwe pale, utupe viwanja."

"Mama, kwenye taa za barabarani? Hema la wageni wa uzinduzi litakaa wapi?"

"Maji haikuuliza hema."

Kamati ya Mwinuko ikakagua. Robot ilikosa hadhi, na kila mahali palipofuata palikuwa juu ya palipotangulia, hadi kikapatikana kilele cha Westville chenye maegesho, upepo, na bahari kwa mbali. Mhandisi alidokeza kuwa maji hayajawahi kufika huko. Imraan akamkumbusha kwamba jiwe ni kumbukumbu, si kipimo.

Likasimikwa. Wageni wakainama. Sheria ndogo ikaanza kazi papo hapo: kila nyumba iliyo chini ya jiwe ihesabiwe imezolewa na maji, ikatiwe umeme, wakazi wahamishiwe ukumbini. Mafundi walianza, kwa utaratibu, na nyumba iliyokuwa karibu zaidi na jiwe. Ilikuwa ya Imraan.

"Lakini nyumba si hii hapa? Huioni?"

"Eish, bosi, naiona," fundi alijibu akiwa juu ya ngazi. "Kisheria haipo. Umesaini mwenyewe."

Ukumbini Marie-Claire alimpokea vizuri. "Pole na nyumba, Papa. Wapya wanalala pale, kwa mlango ya choo."

"Mama, mimi sikupatwa na mafuriko!"

"Wote wanasemaka hivyo siku ya kwanza."

"Nitakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka zamu yako. Aliyeingia mbele anatoka mbele. Na viwanja, anasainiaka nani? Si ni wewe?"

Imraan aliitisha kamati juu ya godoro. Jiwe likashushwa hadi kwenye robot kabla chai haijapoa. Viwanja vilivyokuwa vikifanyiwa upembuzi yakinifu vikasainiwa kimoja baada ya kingine, na watu wakabeba masufuria na watoto wao wakatoka, kila mmoja akimtakia mkurugenzi moyo wa subira.

Ikafika zamu yake. Nyumba iliyokwisha kuzolewa kisheria hurudishwa kwa sahihi ya mkurugenzi, isipokuwa ikiwa ni nyumba ya mkurugenzi mwenyewe. Kipengele hicho, cha kuzuia rushwa, alikitunga yeye na alikuwa akijivunia.

Marie-Claire alikuwa wa mwisho kuondoka. Akamkabidhi ufunguo wa ukumbi.

"Félicitations, Papa. Sasa wewe ndiye mwenyekiti. Maji ya choo inatoka asubuhi tu."