Ulos Ile Ilikuwa Yangu

Jumatatu, 12 Agosti

Habari njema. Mchungaji Basaria ametangaza kwamba Jumapili ijayo, sikukuu ya mavuno, kanisa litamvisha ulos, shali yetu ya heshima, mtu mmoja aliyetumika kwa uaminifu. Ulos iliyofumwa kwa mkono, si ya dukani. Itatandazwa mabegani mwake mbele ya kijiji kizima. Nimejipima kwa taulo kwenye kioo. Inanikaa vizuri, hasa bega la kushoto.

Nimemuuliza mke wangu Tiur anaonaje. Akaniuliza nimetumika wapi. Nikamkumbusha kwamba naimba besi katika kwaya ya wanaume. Akasema mimi huwa nafungua mdomo tu. Si kweli. Huwa naitunza sauti kwa ajili ya Krismasi.

Shida ni Marolop. Amemwoa dada yangu, na kwa desturi yetu yeye ndiye wa kunipakulia nyama na kuniosheA vyombo kwenye sherehe, si kushindana nami. Lakini kila Jumapili anasimama nje ya kanisa kulinda pikipiki za watu, mvua inyeshe isinyeshe. Kujionyesha tu.

Nina wiki nzima ya kuwa mtumishi mwaminifu. Inatosha.

Jumanne, 13 Agosti

Mpango: kufagia uwanja wa kanisa saa ile Mchungaji anapokwenda sokoni. Nimefagia upande unaoonekana kutoka barabarani. Mchungaji katoka kwa mlango wa nyuma.

Aliyeniona ni Marolop. Akasimamisha pikipiki, akaniuliza kama Tiur amenifukuza nyumbani. Nikamjibu kwamba natumika. Akacheka, akachukua ufagio mwingine, akaanza kunisaidia. Mara moja tu nikaenda kunywa maji. Niliporudi Mchungaji alikuwa amesimama pale, anamshukuru Marolop, naye Marolop kashika fagio zote mbili.

Mgongo unauma. Tiur amenikanda huku anacheka, na mtu akicheka hakandi vizuri.

Jumatano, 14 Agosti

Kuzuru wagonjwa. Jambo la Kikristo kabisa, na Mchungaji huwa anazuru Jumatano.

Nimemchagua Ompu Sahala, mzee wetu mpiga kengele, kwa kuwa nyumba yake iko karibu. Magoti yamemvimba, hawezi kupanda mnara. Nilimpelekea samaki wa viungo aliopika Tiur. Njiani nilimwonja kidogo kuhakikisha chumvi. Nikafika na kichwa na mkia.

Mchungaji alikuwa keshapita. Ompu alikuwa peke yake, kakaa dirishani akiangalia mnara. Akaniuliza nani anapiga kengele ya mchana siku hizi. Nikamwambia hakuna. Akauliza watu wanajuaje sasa saa ya kutoka shambani. Nikamwambia wana simu. Akala mkia wa samaki.

Halafu akataka kujua ulos atapewa nani. Nikamwambia baraza la wazee litaamua Ijumaa, ila majina yanayotajwa ni langu na la Marolop. (Langu nalitaja mimi.) Akasema vizuri, sote wawili tunastahili. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna aliyemuulizia yeye. Nikamwambia watu wameshikwa na mavuno.

Wakati natoka ndipo wazo likaja. Kengele! Inasikika mpaka ziwani. Ufagio nani anausikia?

Alhamisi, 15 Agosti

Naandika haya chumbani, mlango umefungwa kwa ndani.

Saa sita mchana nilipanda mnarani. Mpango ulikuwa kupiga kengele ya mchana, watu waulize ni nani huyo mwema, mimi nishuke taratibu nikijifuta jasho. Sikujua ile kamba ni nzito kiasi kile. Mivuto ya mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha pumzi ikakata. Nikavuta mmoja, nikapumzika. Nikavuta mwingine, nikapumzika sana.

Kila mtu hapa kwetu anajua maana ya kengele inayolia polepole. Kuna mtu amekufa.

Nilipochungulia chini, watu walikuwa wanatoka mashambani wanakimbia, wanawake wamejitwika bakuli za mchele wa kupeleka msibani. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni kukodisha viti vya sherehe na misiba, nikashuka mbio kwenda kupakia viti kwenye gari. Nilikuwa nimeshapakia nusu ndipo nikakumbuka kwamba aliyepiga ni mimi.

Wakati huo walikuwa wameshaamua nani amekufa. Ni Ompu Sahala. Hoja yao: angekuwa hai, kengele isingelia vibaya namna ile.

Nilifika nyuma ya umati. Walikuwa wamejaa uwanjani kwake, mlango umefungwa, hakuna aliyethubutu kuingia. Tiur akaanza kuomboleza. Mke wangu akiomboleza hata mawe yanatafuta leso. Alimlilia kwamba mwaka wa mafuriko, alipopatwa na uchungu wa kumzaa binti yetu Rotua, Ompu alipiga kengele mpaka mkunga akasikia ng'ambo ya mto akaja. Mimi nilikuwa nimesahau. Siku ile nilikuwa kibandani nacheza sataranji.

Kisha akalia Marolop. Sijawahi kumwona Marolop akilia. Akasema: "Baba, ule usiku wa ukungu ziwani, mtumbwi wangu haukujua pwani iko wapi. Ukanipigia kengele mpaka mikono ikakuchubuka. Nikaifuata sauti yako mpaka nikakanyaga mchanga. Sikuwahi kurudi kukushukuru, baba. Kila siku nasema kesho."

Akashindwa kuendelea. Halafu sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Endelea, mwanangu. Nasikia."

Wengine walikimbia. Mmoja alimwaga mchele. Mlango ukafunguka na Ompu Sahala akatokea ameegemea fimbo, mdomoni ana kiazi kitamu, macho yamelowa. Marolop akamshika miguu. Tiur akamkumbatia, kisha akamgombeza kwa kuwa hai bila kutoa taarifa.

Baadaye mtu mmoja akauliza: basi nani alipiga kengele? Wakageuka wote. Mimi nilikuwa nimesimama na kiti kila mkono.

Ijumaa, 16 Agosti

Baraza limekaa. Tiur anasema hawakumaliza hata kahawa. Ulos ni ya Ompu Sahala. Mchungaji Basaria amesema ameona haya, kwamba amesikia kengele ile tangu aje hapa na hajawahi kuishukuru mikono inayoivuta.

Nimetoa hoja kwamba bila mimi wasingekumbuka. Tiur amesema hoja hiyo nisiitoe nje ya nyumba hii.

Jumamosi, 17 Agosti

Siku ya uhuru, bendera kila mahali. Marolop amekuja na pakiti ya kahawa. Nilidhani anakuja kunicheka, na kweli alinicheka kwanza. Kisha akasema Ompu hawezi kutembea mpaka madhabahuni, na amekataa kiti cha kubebewa. Maneno ya mzee ni haya: "Aliyeniua ndiye anibebe."

Nimemwambia mgongo wangu haujapona. Tiur amemwambia umepona.

Jumapili, 18 Agosti

Nimembeba. Kutoka mlangoni mpaka mbele, katikati ya kanisa zima, mahindi na mafungu ya mpunga huku na huku. Mzee ni mifupa mitupu lakini mifupa nayo ina uzito. Kwaya iliimba bila mimi, na niseme ukweli, sikusikia pengo.

Tulipofika mbele, Mchungaji na Marolop wakaitandaza ulos. Ni kubwa. Ilimfunika Ompu mabega, ikanishukia mimi kichwani mpaka kifuani. Giza. Nikasikia watu wanasimama, mabenchi yanagonga. Nikasikia matone ya moto shingoni, nikajua mzee analia. Akaniambia sikioni: "Usinishushe kwanza, Baba Rotua. Kidogo tu."

Sikumshusha. Macho yangu yakafanya mambo yao, lakini chini ya ulos nani anaona.

Baada ya ibada Ompu aliniomba mbele ya wote nimrithi kengele. Kwa kishindo kile cha makofi ningekataaje?

Jumatatu, 19 Agosti

Nimetafakari sana. Kwanza, kwa haki kabisa, nusu ya ulos ile nilivikwa mimi. Kuna picha.

Pili, somo la wiki hii nimelielewa. Mtu huheshimiwa hasa akidhaniwa amekufa. Na sasa kengele iko mikononi mwangu. Nitangoja kidogo, labda mpaka baada ya Krismasi, watu wakiwa na mioyo laini. Kisha kengele italia polepole, nami nitakaa nyuma ya mlango na kiti kizuri, nisikilize Marolop atasema nini.

Nimemweleza Tiur aanze kuyapanga maombolezo mapema. Akaendelea kumenya vitunguu. Halafu akauliza kitu kimoja tu: mimi nikiwa maiti ndani ya nyumba, kengele atapiga nani?

Swali zuri. Kesho nitamwona Marolop.