Jiko la Bi Eufemia na Kamati ya Ukale Halisi

Kwa furaha kubwa nautangazia umma wa mji wetu wa Los Tejones, jimbo la New Mexico, kwamba Kamati ya Ukale Halisi, ambayo mimi Facundo Lucero ni katibu wake, imepiga hatua ya kihistoria. Kuanzia sasa, jiko lolote linalokarabatiwa lazima lionekane halijawahi kukarabatiwa. Likikiuka, linapigwa lakiri mlangoni na kufungwa.

Wa kwanza kunufaika ni Bi Eufemia Archuleta. Aling'oa makabati ya plastiki ya rangi ya chungwa, ya tangu miaka ya sabini, akakuta nyuma yake kuta za udongo alizosiriba bibi yake. Akakanyaga tope na majani makavu kwa miguu yake mwenyewe, akazisiriba upya kwa viganja. Tulipokwenda kukagua, Mwenyekiti wetu, Bwana Prentiss Wooldridge, aliyehamia kutoka Connecticut miaka minane iliyopita, alitoa rula.

"Ukuta umepinda vidole vitatu. Kanuni inaruhusu viwili."

"Loo! Umepinda hivyo tangu kabla hujazaliwa!"

"Ndiyo maana tunarekebisha, mama."

Nikapiga lakiri. Jumapili ni sikukuu ya Mtakatifu Isidro, na nusu ya mji hula kwa Bi Eufemia kitoweo cha nguruwe na mahindi. Machozi yalimlengalenga. Hata mimi roho iliniuma, ila Kamati haina fomu ya kuumwa roho.

"Facundo mwanangu, huo upindaji halali uko wapi niuone?"

"Kwa Mwenyekiti. Jiko lake ndilo la mfano."

Tukaenda sote watatu. Bi Eufemia akazunguka jikoni kwa Mwenyekiti, akanusa, akachota maji kikombe kizima, akaumwagia ukuta mwaa!

"Una wazimu, mama?"

"Udongo hunywa maji, ukanukia mvua. Huu wako unatema." Akakwangua kwa ukucha. Saruji tupu, imepakwa rangi!

Nikafungua kanuni, maana mimi ni mtu wa kanuni. Kifungu cha kwanza, alichokiandika Mwenyekiti mwenyewe: ukuta usipokuwa wa udongo, jiko lifungwe papo hapo, na la mfano likifungwa, vipimo vyote vilivyotoka kwake vinafutwa.

"Facundo, usithubutu!"

Nikathubutu. Lakiri ilinata vizuri ajabu kwenye saruji. Kisha nikaenda kuibandua ya Bi Eufemia, Mwenyekiti akitufuata nyuma kama mgeni aliyekosa basi.

"Sasa Jumapili nitakula wapi?"

"Kwangu, baba. Siku ya Isidro hafukuzwi mtu." Bi Eufemia akavuta kiti, akaketi. "Ila ukuta wa nje, huko nyuma, bado haujasiribwa. Vua viatu."

Mwenyekiti akakanyaga tope hadi jioni, suruali imekunjwa magotini, mbele ya majirani wote.

"Kanyaga, Mheshimiwa!" Bi Eufemia akahimiza kutoka kitini. " Hapo bado pana madonge!"