Dhahabu Chini ya Halua

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Usagara, Tanga. Mpango umeiva! Mpwa wangu Shadya anaolewa mwisho wa mwezi. Mama yake, dada yangu Samiha, anakaa Maskati na amemnunulia seti nzima ya dhahabu: mkufu, vipuli, pete, bangili. Mama yetu yuko kwake kwa matembezi, anarudi Alhamisi. Basi vitakuja naye.

Kaka Uweso kapiga simu kutoka Muheza. Mwalimu mstaafu, lakini kufundisha hajastaafu. Ati Mama akifika uwanja wa ndege Dar apite njia nyekundu, aseme nina dhahabu, risiti hii hapa, ikadiriwe ushuru, alipe, atoke. Rahisi, kasema. Rahisi! Ushuru kwa vito vya bibi harusi? Nimemjibu nimekusikia kaka. Kumsikia nimemsikia.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemtumia Samiha ujumbe wa sauti. Vito vifungwe kitambaani, viwekwe chini ya kopo kubwa la halua, halua imiminwe juu ingali moto. Nani atachokoa halua? Samiha kasita. Kauliza kama Mama anajua. Nikamwambia nimeshaongea na Mama, karidhia, ila hataki litajwe mbele yake. Mama naye nikamwambia kopo ni zawadi ya wakwe, asilifungue njiani. Kafurahi, masikini. Kasema atalipakata kama mtoto.

Nimeomba bangili moja iwe yangu, kwa kuumiza kichwa. Samiha kakubali kwa shingo upande.

Alhamisi, 7 Agosti

Usingizi haupo. Naandika hivyo hivyo.

Nilikuwa nje ya uwanja tangu asubuhi, kanzu imepigwa pasi. Ndege ikatua. Abiria wakatoka. Wakatoka wote. Mama hakutoka.

Akaja mtu kuuliza nani anampokea Bi Mwatumu. Miguu ilitaka kwenda stendi. Nikainua mkono.

Ndani, Mama ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Mezani gazeti, juu yake halua imekwanguliwa yote, na dhahabu inang'aa kwa samli. Afisa wa forodha, dada mmoja aitwaye Imakulata, hakupaza sauti hata kidogo. Laiti angefoka! Kasema walimwuliza Bibi kama ana dhahabu, akasema hana. Wakamwuliza tena, akaapa kwa jina la Mungu. Mashine ikaonyesha vingine. Angetangaza, kasema, saa hizi angekuwa nje na mizigo yake. Lakini kilichofichwa hakitozwi ushuru tu, kinashikiliwa.

Kisha akanigeukia mimi.

"Kopo hili unalijua?"

Mama akaniangalia. Alishaelewa, nilimwona usoni.

"Silijui," nikasema.

Mama akasema, "Ni langu, mwanangu. Nimeficha mwenyewe. Huyu mwacheni aende zake."

Mama yangu! Ambaye tulipokuwa wadogo hakuwahi hata kutudanganya kwamba sindano haiumi.

Akaweka dole gumba kwenye maelezo. Dhahabu ikabaki. Tukapanda basi la Tanga. Tulipofika Muheza akamwambia konda amshushe. Akaenda kwa Uweso bila kugeuka nyuma.

Ijumaa, 8 Agosti

Shadya kaja baada ya swala. Nikamwambia forodha wanapima tu ubora wa dhahabu, mambo ya kitaalamu. Kumbe Uweso keshamwambia kila kitu! Mambo ya mkufu hakuyauliza kabisa. Kaniuliza hivi: "Mjomba, Bibi umemwapisha uongo?" Nikasema nina wito wa haraka. Nikatoka. Nyumba ni yangu, nami ndiye niliyetoka.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda Muheza. Mama kalala, presha imepanda. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Mama huitikia hata walevi.

Uweso kanivuta uani. Kasema Mama haitaki dhahabu, analitaka jina lake. Niende Dar, nimtafute yule afisa, niseme kopo lilikuwa langu na mama hakujua. Nichukue na risiti, sheria iseme itakavyosema. Atakuja nami akipenda nisiwe peke yangu. Sauti yake ilikuwa ya upole, ikanikera zaidi.

Nimeahidi kwenda kesho. Inshallah.

Jumatano, 13 Agosti

Jumatatu sikwenda, nilikuwa na kikohozi. Jana nikapata njia bora zaidi! Cheti cha daktari kwamba Mama husahau. Mtu anayesahau si mwongo, na mimi sihitaji kusema lolote. Leo asubuhi nikamwendea tabibu ninayemfahamu. Kanifukuza mbele ya wagonjwa.

Simu nilikuwa nimeizima. Nilipoiwasha, ilikuwa imejaa jina la Uweso.

Mama kafariki adhuhuri, hospitalini. Innalillahi.

Uweso kaniambia mlangoni, huku akitazama ukuta, kwamba Mama alikuwa akiuliza kama nimekwenda Dar. Uweso akamjibu ndiyo, Sadalla amekwenda, amesema yote. Mama akasema alhamdulillahi, akafumba macho.

Uweso hajawahi kusema uongo maishani mwake. Alikuwa analia kama amevunjika kitu ndani. Nami nikawaza: kumbe naye uongo anaujua!

Jumatatu, 18 Agosti

Samiha kawasili. Hakuwahi hata mazishi ya Mama. Harusi imeahirishwa. Kavua bangili zake mwenyewe za miaka yote akamvisha Shadya, wakakumbatiana, wakalia mpaka majirani wakaja.

Mimi hanisemeshi. Lakini nilimsikia akimsimulia Uweso: kapita njia nyekundu, kataja alivyovaa, kaonyesha mikono, kaulizwa mawili matatu. Afisa kamwona macho yamevimba na buibui la msiba, kampa pole, kamruhusu. Mizigo yake haikufunguliwa.

Haikufunguliwa!

Hao wawili walikuwa wanafuta machozi, hawakulisikia neno hilo. Mimi nimelisikia. Mfiwa hapekuliwi! Na Samiha anarudi Maskati wiki ijayo, na arobaini ya Mama hawezi kuikosa, lazima aje tena, na atakuja analia.

Nitamweleza jioni. Taratibu tu, akishatulia.