Shule ya Juu Iliyo Chini ya Bwawa

Kwa Mheshimiwa Bi. Roswitha Hennings,
Mkurugenzi, Volkshochschule ya Kleinmoorstedt.

Mheshimiwa,

Barua yako imenifikia. Unasema darasa letu la Alhamisi, la asili ya maneno, litafutwa kwa kuwa wazee tumebaki saba na kanuni inataka wanane. Sikuandikii kulipinga hilo. Lifute! Tena nakuongezea sababu, zote kutoka katika jina la shule yetu hii ya watu wazima, Volkshochschule, lililo pale kibaoni, maana mwalimu wetu Bi. Adelheid ametufundisha kupasua neno kama kuni.

1. Volk ni watu, umma. Kama saba si umma, niambie umma huanzia wangapi. Adamu na Hawa walikuwa wawili, na hakuna aliyewafuta.

2. Hoch ni juu. Nimefagia dohani za mji huu miaka arobaini na moja, kwa hiyo juu nakujua. Darasa letu liko chini ya bwawa la kuogelea, na dari inatudondoshea maji kwenye madaftari. Nilipouliza hiyo juu iko wapi, mwenzetu Bwana Pütz, aliyekuwa tarishi, alinidakia: "Kaa chini wewe, mzee wa masizi! Ukitaka juu si ungebaki huko huko paani?" Darasa zima likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, ingawa iliniuma.

3. Ile s iliyo kati ya Volk na hoch. "Haina maana, Bwana Dröge, inaunganisha tu," alisema mwalimu. Yaani herufi isiyo na maana ina nafasi yake kibaoni, sisi saba hatuna?

4. Schule, kumbe, asili yake kwa Wagiriki wa kale ni mapumziko. Basi hii kazi ya nyumbani tunayopewa kila wiki imetoka wapi?

Kwa hiyo naomba umma, juu, s na mapumziko ving'olewe vyote kibaoni. Itabaki misumari minane, nimeihesabu mwenyewe. Iandikisheni hiyo, kanuni itimie.

Wasalimie wote ofisini, pamoja na mlinzi wa bwawa.

Wako katika malalamiko,
Hartmut Dröge

N.B. Nakuomba, usilifute. Tangu mke wangu Gesine afariki, Alhamisi ndiyo siku pekee ninayonyoa ndevu. Mtu wa nane nimempata: jirani yangu, Bi. Ottilie Brammer. Nimemwambia ni darasa la kufuma. Akija na sindano zake, mwalimu asimrudishe.